Maziwa Yakiganda

Basi la njano linashusha pumzi mbele ya kanisa,
linaniteremsha mimi, begi moja,
na jozi ya ski nilizokodi kwa bei ya viatu vya harusi.
Nimetoka mji wa bondeni, ambako Desemba ni ukungu mtupu
na watu huuzungumzia mlima kama jamaa tajiri.

Mwenyeji wangu, Ladina Tuor, hanipi mkono.
Ana keekee ndefu ya chuma begani,
na nyusi zake zimeshikwa na umande mgumu.
"Ngoja," asema, "kwanza niandike."
Kando ya mlango pana kibao. Kwa chaki: kumi na moja.
Chini yake, kwa herufi za mtu aliyechoka kuulizwa:
BADO.

Kijiji kina maziwa matatu.
La juu ni dogo, halina samaki, halina habari.
La kati hunywesha ng'ombe,
na Julai wageni hujitosa humo wakipiga yowe.
La chini ndilo lingojwalo:
likishika sawasawa, watu wote hulivuka kwa miguu,
hata mwokaji, hata padri,
hata waliogombana kwa ajili ya ua wa mbuzi.

Mchana napanda mlima kwa lifti.
Flurin anakidaka kiti, ananikalisha
kama mtu anayeweka chungu jikoni.
Naanguka mara tisa.
Mara ya kumi mtoto wa miaka mitano ananipita kinyumenyume,
anatafuna keki ya njugu.
"Anguka kwa ubavu," Flurin ananiambia jioni,
"wewe unaanguka kwa hoja."

Usiku ziwa linanguruma.
Si radi, si gari; ni kama mtu anayeburuta kabati
katika nyumba isiyo na sakafu.
Ladina hasimami kuchungulia. Anakoroga supu ya shayiri.
"Linajinyoosha," asema. Kisha, bila kuulizwa,
ananisimulia habari za Duri.

Kiangazi Duri alikaa malishoni juu, akitengeneza jibini.
Kipupwe alishuka kupima barafu.
Kazi mbili, mishahara miwili, na kwa kweli kazi moja:
kungoja maziwa yagande.
Alitia kidole sufuriani, alitia keekee ziwani,
akainamisha kichwa vilevile, akasema neno lilelile.
Mwenye pupa, alisema, hula jibini mbichi
na huzikwa na nguo za maji.
Alikufa kitandani, mwezi wa Mei,
maziwa yote matatu yakiwa wazi.

Siku ya tano ananikabidhi keekee.
Tunatembea juu ya weusi unaong'aa;
chini ya buti zangu viputo vimesimama,
vimepangana kama vifungo vya kanzu ambayo hakuna aliyeivaa.
Nazungusha. Mabega yananiuma palepale nilipoangukia.
Chuma kinapenya ghafla, na maji yanapanda,
taratibu, bila hasira,
yanakuja kutazama ni nani.
Nashusha utepe, nalabu yake inashika kwa chini.
"Kumi na saba," nasema.
Anapiga magoti, anapima tena.
"Kumi na sita na nusu," asema. "Unapenda watu. Hiyo ni hatari."

Nilipanda basi asubuhi ya Jumapili.
Ski nilizirudisha, mkwaruzo mmoja nililipia.
Kupitia kioo nilikiona kibao, na neno lake halikuguswa.

Januari, bondeni, ukungu ukiwa hadi kwenye vidirisha,
kadi ilifika. Picha ya ziwa, la kiangazi, ya zamani,
na mashua nyekundu.
Nyuma, badala ya salamu: ishirini na nane.
Chini yake hapakuwa na neno,
ila alama ya kidole, nyeupe,
ya mtu aliyetoka kufuta kibao.